Udongo Unaobebwa: Kisa cha Migomba Iliyonyauka Dagoretti

Picha ya kwanza niliipokea kwenye simu mwishoni mwa Juni, mvua ya masika ikiwa imekatika. Mgomba wa ndizi za Kampala, mrefu, mkungu bado mchanga, majani ya chini yamegeuka manjano na kulala kando ya gogo kama leso iliyolegea kiunoni. Aliyeituma alikuwa mjukuu wa bibi mmoja mwenye nusu ekari upande wa Dagoretti, Nairobi, kwenye mteremko unaoshukia kijito. Swali lake lilikuwa fupi: "Shosho anauliza ni dawa gani."

Nilijibu upesi kuliko ilivyofaa. Tangu mnyauko wa bakteria uthibitishwe magharibi mwa Kenya mwaka 2006, sisi tunaoshauri wakulima tumezoea kuuona katika kila mgomba unaonyauka. Nikamwambia waondoe maua dume, ule moyo unaoning'inia chini ya mkungu, kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kisha wang'oe mgomba ulioathirika. Ulikuwa ushauri mzuri kwa ugonjwa mwingine. Wiki tatu zilipita kabla sijafika shambani mwenyewe, na katika wiki hizo vibarua walipalilia shamba zima kwa majembe yaleyale, wakitoka kwenye mashina mabovu kwenda kwenye mazima. Sijasahau wiki hizo tatu, na ndizo zinazonifanya nikieleze kisa hiki kwa urefu.

Nilipofika, Shosho alinipokea getini na gumboti zake, akaniongoza moja kwa moja hadi kwenye shina la picha. Migomba sita ilikuwa imeshaonyesha dalili kati ya mashina arobaini na kitu. Jambo la kwanza lililonishtua ni mpangilio wa majani: yaliyokufa yalikuwa ya zamani, ya chini, na jani la katikati lilikuwa bado limesimama, la kijani. Mnyauko wa bakteria kwa kawaida hauanzi hivyo. Pale chini, karibu na udongo, gogo lilikuwa limepasuka kwa urefu, ufa wa kuingia vidole viwili.

Nikaomba panga, nikalikata gogo kwa upana, kimo cha goti. Sura ile ya mkato ningependa kila mkulima wa ndizi aione mara moja maishani. Maganda ya gogo yamepangana kwa duara, jeupe ndani ya jeupe, na ndani ya maganda ya nje kulikuwa na vitone vya rangi ya kutu, vimejipanga kama mshono wa cherehani. Nilipolipasua kwa urefu, vile vitone vikawa nyuzi: mistari myembamba ya kahawia na nyekundu ikipanda kutoka ardhini. Ni mishipa ya maji ya mgomba, imeziba. Nikachukua kipande cha gogo, nikakining'iniza ndani ya glasi ya maji safi, tukasubiri. Maji yalibaki maangavu. Ungekuwa mnyauko wa bakteria, ungeona utelezi wa manjano au weupe ukichuruzika kutoka kwenye kipande. Mwisho nikakata ndizi moja changa. Ndani safi, bila doa la kutu. Mnyauko wa bakteria huozesha tunda kutoka ndani. Huu ulikuwa mnyauko wa kuvu, ambao huliacha tunda safi na kuunyima maji mmea wote.

"Kwa hiyo ulinidanganya, mwalimu," Shosho akasema. Kabla ya hapo alikuwa akiniita mwanangu.

Nilimwambia ndiyo, Shosho, nilikosea, na nikamweleza nilichokuwa nakitazama.

Kuvu huyu jina lake la kitaalamu ni *Fusarium oxysporum* f. sp. *cubense*. Ulimwenguni anajulikana kwa ugonjwa wa Panama, ingawa maelezo ya kwanza yaliandikwa Australia na Joseph Bancroft mwaka 1876, na hilo *cubense* lenyewe linatokana na Kuba. Ndizi tunayoiita Kampala ndiyo Gros Michel, ile iliyotawala biashara ya ndizi duniani hadi ugonjwa huu ulipoyamaliza mashamba ya Amerika ya Kati. Kufikia miaka ya 1960 wafanyabiashara wa nje walikuwa wameiacha na kuhamia Cavendish. Sukari ndizi nayo haiwezi kustahimili. Cavendish inahimili aina namba 1 ya kuvu huyu, ambayo ndiyo inayoiua Kampala, na ndizi zetu nyingi za matoke zinaihimili pia.

Lakini jina na historia havikuwa na uzito kwa Shosho kama jambo moja: kuvu huyu anaishi kwenye udongo. Mgomba ukifa, anajitengenezea mbegu zenye ganda nene zinazokaa ardhini bila chakula miaka 20 na zaidi. Mzizi mchanga ukipita karibu, unaachia majimaji yake, mbegu inaamka, inaingia kupitia ncha ya mzizi au jeraha, inapanda kwenye mishipa. Dukani alikouziwa dawa ya kumwagia shinani aliambiwa itaua kuvu. Alikuwa ameshamwaga chupa mbili. Hakuna dawa ya kumwagia inayomponya mgomba ulioshikwa. Kuvu yuko ndani ya mishipa ambako dawa haimfikii ipasavyo, na aliyeko ardhini ana ganda lake. Pesa zile zilimuuma, na mimi ziliniuma kwa niaba yake.

Sasa nifike kwenye jambo lililobadilisha namna ninavyofanya kazi. Kabla ya kutoa ushauri wowote, nilimwomba mjukuu atafute vijiti, avifunge nyuzi nyekundu kutoka kwenye gunia la vitunguu, tukavichomeka kwenye kila shina lenye dalili, hata jani moja la manjano. Tulipomaliza vilikuwa vijiti tisa. Kisha tukapanda juu ya mteremko, tukatazama.

Vijiti sita vilijipanga kwenye mstari mmoja, vikishuka kutoka kwenye kona ya juu ambako njia ya watu inapita. Mvua ikinyesha, maji ya njia hiyo hukatiza ndani ya shamba, yakachimba kijifereji kidogo ambacho hata mimi nilikuwa nimekiruka nikiingia bila kukitambua. Udongo mwekundu wa Dagoretti ukilowa hutembea na maji, na kuvu hutembea na udongo. Hiyo ilieleweka. Vijiti vitatu vilivyobaki vilikuwa peke yake, upande wa pili, juu kuliko chanzo cha maji. Maji hayapandi mlima.

Nikamuuliza Shosho migomba ile mitatu ilitoka wapi. Akafikiri. Ilikuwa michipukizi aliyoing'oa mwaka uliopita kwenye shina la kona, lililokuwa likizaa mikungu mikubwa kabla halijaanza kuugua. Ilionekana mizima kabisa alipoihamisha. Ndivyo ilivyo kwa ugonjwa huu: chipukizi huweza kubeba kuvu miezi mingi bila kuonyesha lolote, na wakulima wetu huchagua michipukizi kwenye shina bora, shina ambalo mara nyingi ndilo la kwanza kutembelewa na kila mtu mwenye jembe. Aliuzia majirani wawili michipukizi ya shina lilelile. Aliponiambia hivyo alinyamaza kwa muda, akikung'uta udongo kwenye gumboti kwa kijiti.

Tulichukua sampuli za udongo kutoka sehemu mbili, yenye vijiti na isiyo navyo, kila moja ikiwa mchanganyiko wa vijisehemu kadhaa, tukazipeleka maabara Kabete. Sehemu zote mbili zilikuwa na tindikali nyingi: pH, kipimo ambacho namba ikishuka tindikali imezidi, ilikuwa 4.8 kwenye mstari wa ugonjwa, 5.1 upande mzima. Kwa udongo mwekundu wa Kabete, Kikuyu na Dagoretti hilo si ajabu. Mvua huosha kalisi kwa miaka, na sisi huongeza tindikali kwa kupanda kila msimu na mbolea ya DAP, na kukuzia kwa yuria, zote za amonia. Shosho alikuwa akiweka DAP tangu marehemu mzee wake alipokuwa hai.

Tindikali inahusianaje na kuvu? Katika udongo wenye tindikali, madini ya chuma huyeyuka kwa wingi na kuvu huyu ana uchu wa chuma ili aote. Vilevile bakteria wengi wanaoshindana naye hawapendi tindikali. Aina ya naitrojeni nayo ina uzito: mbolea za amonia humfaa kuvu kuliko za naitreti. Kwa hiyo mkulima anayemwaga DAP na yuria kwenye udongo wa pH 4.8 anaandaa kitanda kwa ajili ya adui. Chokaa ya kilimo hupandisha pH, huleta kalisi, na humnyima kuvu chuma. Chokaa haimuui. Nililirudia hili kwa Shosho mara tatu, kwa sababu najua jinsi habari ya chokaa inavyosafiri vijijini: ikifika kwa mtu wa tano inakuwa dawa.

Tulikubaliana kutumia kiasi kilichopendekezwa na maabara, si kukisia. Udongo wa mfinyanzi mwekundu hula chokaa nyingi kuliko wa kichanga kabla pH haijasogea, na ukizidisha unafungia zinki na madini mengine, migomba inadumaa. Tuliimwaga Septemba, kabla ya vuli, tukaichanganya juujuu kwa reki bila kuchimba. DAP na yuria zikaachwa. Ikatumika kidogo mbolea ya CAN, yenye naitreti na kalisi, na mboji iliyoiva.

Hapo pakawa na ubishi. Shosho ana jirani mwenye kuku wa mayai, na samadi ya kuku mbichi hupatikana bei ya kutupa. Yeye aliamini samadi hiyo itaipa migomba nguvu ya kupigana. Zamani ningekubali. Lakini majaribio yaliyofanywa Australia kwenye udongo wenye kuvu huyu yalionyesha samadi ya kuku ikizidisha mnyauko badala ya kuupunguza. Ikiwa mbichi hutoa amonia kwa wingi na kuunguza mizizi laini, na kila mzizi uliojeruhiwa ni mlango. Nilimwomba aiweke kwenye lundo la mboji pamoja na majani makavu, aigeuze, aiache ipoe kwa miezi mitatu. Alikubali shingo upande.

Mashina tisa yenye vijiti hatukuyang'oa. Najua watu watashangaa, maana mazoea ni kung'oa, kuburuta hadi ukingoni, kuchoma. Ukiburuta kitako cha mgomba, lile tunguu lenye mizizi, kutoka kona ya juu hadi ya chini, umepanda ugonjwa njia nzima. Na tunguu bichi haliungui. Linabaki na uhai katikati. Tuliyakata palepale, tukayakatakata vipande vidogo, tukanyunyiza chokaa, tukafunika kwa nailoni nyeusi na mawe pembeni, kisha tukazungushia uzio wa fito ili mbuzi na watoto wasiingie. Magogo hayakupelekwa kwa ng'ombe. Hili lilimuuma zaidi, kiangazi kilikuwa kinakuja na gogo la mgomba ni chakula na maji kwa ng'ombe. Lakini masazo yanayokanyagwa bandani huzolewa na samadi na kurudi shambani, kwa hiyo ng'ombe alilishwa magogo ya upande mzima tu.

Kwa maji ya njia, fundi alichimba mfereji wa kinga juu ya shamba, kando ya njia, ukaelekezwa kwenye nyasi za pembeni mbali na migomba. Chini yake tukaweka tuta la kuzuia udongo, lile liitwalo fanya juu. Udongo wa tuta ulichimbwa upande usio na vijiti. Kazi hii ndiyo iliyogharimu zaidi, siku nne za vibarua wawili, na kwa maoni yangu ndiyo iliyolipa zaidi.

Jembe likapigwa marufuku kuzunguka mashina. Kila unapopalilia karibu na mgomba unakata mizizi ya juu, na unabeba udongo. Badala yake tulitandaza majani makavu na nyasi zilizokatwa, tabaka nene, mkono mmoja mbali na shina. Matandazo hulisha viumbe vya udongoni vinavyoshindana na kuvu, hutunza unyevu, na huzuia magugu. Magugu nayo yana hesabu yake: tangu miaka ya 1950 wataalamu walishaonyesha kwamba baadhi ya nyasi na magugu hubeba kuvu huyu mizizini bila dalili yoyote. Shamba lililolala na nyasi miaka mitano linaweza kudhaniwa limepona.

Kijana mmoja wa kanisani kwao alikuwa amesoma kuhusu kufurikisha mashamba maji, akapendekeza tuzibe kijito. Ni kweli, katika karne iliyopita mashamba makubwa ya Amerika ya Kati yaliwekwa chini ya maji kwa miezi ili kuvu akose hewa. Alipungua. Ndizi zilipopandwa tena, ugonjwa ulirudi upesi, na udongo ulikuwa umeharibika. Kwenye mteremko wa Dagoretti hata kujaribu kusingewezekana, lakini nilimshukuru kwa kusoma.

Lipandwe nini pale palipokuwa na wagonjwa? Shosho alitaka nduma, au viazi vitamu, mazao yenye soko Kangemi kila asubuhi. Nilipinga, na sababu yangu hakuitarajia. Kuvu huyu haiuguzi nduma. Lakini nduma hung'olewa, huondoka na udongo kwenye ngozi yake, huoshwa kijitoni, na maji ya kijito humwagilia mashamba mengine chini. Viazi vivyo hivyo, na vitunguu pia. Tulichagua sukuma wiki, kwa sababu unachuma jani na udongo unabaki ulipo.

Migomba mipya ilikuwa Cavendish, miche ya maabara, aina ya ile ambayo Kenya ilianza kuisambaza kwa wakulima mwishoni mwa miaka ya 1990. Uzuri wake mkubwa hapa ni kwamba inakuja bila udongo wa mtu mwingine. Nilimweleza pia hatari yake: ipo aina ya kuvu inayoitwa TR4 ambayo inaua Cavendish zenyewe, na ilithibitishwa Msumbiji mwaka 2013. Mche wa ndizi kutoka nje ya mipaka usiingie shambani mwake hata ukiletwa na mkwe.

Shosho hakuiacha Kampala yake. Alisema Cavendish ni ya kuuza, Kampala ni ya wajukuu. Basi tukapanda miche sita safi ya Kampala juu ya mfereji, kwenye udongo uliowekwa chokaa, na miwili, kwa ombi langu, ndani ya mstari wa zamani wa ugonjwa, nao ukiwa na chokaa na matandazo. Nilitaka kuona mwisho wa uwezo wa udongo peke yake.

Baada ya miezi 16 hali ilikuwa hivi. pH ya mstari ilikuwa imepanda hadi 5.7. Cavendish zote zilisimama, baadhi zikiwa na mikungu. Kampala sita za juu, hakuna iliyonyauka. Ile miwili ya mstarini, mmoja ulianza manjano mwezi wa kumi na moja, ukafa. Wa pili ulizaa mkungu mdogo wa chane tano, kisha ukapasuka chini. Mashina ya zamani yaliyokuwa mazima nje ya mstari, yalipotea mawili tu tangu mfereji uchimbwe. Shamba moja si ushahidi wa kila mahali. Ninachosema kwa uhakika ni hiki: chokaa, mboji na matandazo vilimchelewesha kuvu, havikumshinda palipokuwa na mgomba asiyeweza kujitetea. Kilichozuia kuenea ni kuzuia udongo usitembee. Nilipoanza kazi hii ningeweka chokaa mbele na mfereji nyuma. Leo ningeanza na mfereji.

Getini kwa Shosho sasa kuna beseni na brashi ya kufulia. Anayeingia husugua viatu na jembe mpaka tope liondoke, ndipo anachovya kwenye maji yenye dawa ya kung'arishia nguo. Tope likibaki dawa haina kazi, kwa sababu udongo huimaliza nguvu. Kibarua aliyekuja na jembe lake mwenyewe alirudishwa nyumbani siku ya kwanza. Siku ya pili alikuja mikono mitupu, akapewa jembe la shamba.

Ziara yangu ya mwisho ilikuwa Aprili, mvua ikinyesha. Shosho hakunipeleka kwenye migomba yake. Alichukua panga, glasi ya maji akaificha chini ya leso isimwagike, tukashuka hadi kwa jirani wa chini, mmoja wa wale wawili walionunua michipukizi kwake. Mwenye shamba alitusindikiza, akasema ni jua tu, na mbolea imechelewa. Shosho akamwambia, "Samahani, baba, huenda huu umetoka kwangu," akasugua gumboti zake kwenye nyasi kabla ya kuingia, akainama, akakata. Vitone vya kutu vilikuwa pale, kwa duara. Mjukuu alikuwa tayari na vijiti.